Klachi Niliyoisikia Nyuma ya Ukuta

Siku ya arobaini ya Bibi Sikudhani niliingia Kibiti asubuhi na pikapu yangu, nikaiegesha palipokuwa gereji ya Fundi Athumani, ambapo siku hizi pana duka la saruji na mabati. Uani kwa Bibi, jirani na hapo, wanawake walikuwa wamekwisha kukaa, wengine wanapeta mchele, wengine wako juu ya mbuzi wanakuna nazi. Mmoja wao, Bi Zena, jirani yetu wa siku nyingi, akasema bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, "Huyo ni Mwajuma. Hapa mjini hakuna mwingine anayeshusha gia kwa adabu hivyo." Wakacheka, nami nikacheka, maana kicheko changu hakikai mbali. Nikaingia ndani kuweka mkoba, na miguu ikanipeleka yenyewe chumba cha nyuma. Siku hizi wanaweka magunia ya korosho humo, na kile kitanda cha kamba hakipo. Lakini ukuta ni ule ule, wa boriti za mikoko na udongo uliopigwa plasta, na kwa usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa pana alama ya mafuta ya nazi, ya duara, yenye rangi ya chai. Hapo ndipo nilipokuwa nikiegemeza sikio. Nikapiga magoti kati ya magunia, nikaliweka tena. Upande wa pili nikasikia mtu anabishana bei ya misumari.

Niliishi katika chumba hicho mwaka mzima bila kutoka, ukiacha chooni na kuoga, tena nikiwa nimejifunika kanga gubigubi. Nilikuwa mwali. Ya kwetu Mbwera na namna nilivyofikishwa kwa Bibi sitayaeleza hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, shule nilikwisha kuiacha kidato cha pili, na watu walisema nimechelewa mno kuwekwa ndani, kama muhogo uliosahauliwa ardhini. Bibi Sikudhani, dada wa bibi yangu mzaa mama, alikuwa kungwi mwenye jina. Wasichana waliotoka mikononi mwake walijulikana kwa kusalimia vizuri na kwa kupika, na siku ya kutolewa kwao ngoma ilisikika mji mzima. Mimi niliingia mvua za vuli, nikaambiwa nitatoka baada ya mavuno, maana mwali hatolewi bila mchele wa kulisha watu. Mto nao ukaamua vingine. Ulipanda mwaka ule ukachukua mpunga wote, kuanzia Chumbi mpaka visiwani kwetu, na watu wakabaki wanaokota magugu mahali palipokuwa mashamba. Hakuna mpunga, hakuna ngoma, na bila ngoma hakuna kutoka. Wazee wakakaa, wakasema tungoje msimu mwingine. Mimi sikuulizwa, kwa sababu mwali haulizwi.

Vijana ninaowasimulia hudhani nilifungiwa. Mlango wa chumba kile haukuwa hata na kitasa. Palikuwa na pazia la kitambaa cha maua, na nyuma ya pazia, kwenye kizingiti, palikuwa na kigoda cha Bibi, naye juu yake akisuka ukili. Ningeweza kulifunua pazia siku yoyote nikaenda zangu. Lakini sote tulijua kwamba mwali akitoka bila ngoma, aibu haimpati yeye, inampata kungwi wake, na baada ya hapo hakuna mzazi atakayemletea mtoto. Kwa hiyo lile pazia lilinizuia kuliko geti la chuma. Na Bibi alikuwa mwema, hilo ndilo lililonishinda. Mchele kidogo uliopatikana alinipikia mimi, pamoja na kamba wa kukausha kutoka nyumbani, tui la nazi juu, na yeye akala muhogo wa kuchemsha akidai wali unamjaza tumbo upepo. Nilikuwa nikimsikia kule jikoni akikwangua sufuria, anakula ukoko wangu.

Sauti ya mwali haitakiwi kusikika nje. Nikitaka kitu niligonga ubao wa kitanda. Nilijifunza kuchekea kwenye mto wa kulalia, maana upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na Fundi Athumani, na mtu huyo hakuwa na adabu hata kidogo na magari ya watu. Nilimsikia akimwambia mteja, "Breki zako hizi, ndugu yangu, unasimama kwa dua." Nilimsikia akizozana na wauza mafuta ya taa, akiiimbia spana iliyopotea, akitema mate, akiadhini kwa sauti ya chini kabla ya kuswali kwenye turubali. Baada ya miezi michache nilijua kwa sikio spana ipi imeanguka, jeki ipi inavuja, pikipiki ya nani imeingia na ina kikohozi gani. Usinione mwerevu kwa hilo. Mtu aliyewekwa mahali asipoona kitu, masikio yake hutanuka yenyewe kama uyoga. Nilikuwa najilaza chali, na kama nilivyomsikia akiwaelekeza vijana wake, nakanyaga kamba za kitanda kama pedeli, mkono wa kushoto nabadili gia hewani.

"Unafanya nini na miguu hiyo, mke mwenzangu?" Bibi aliniuliza siku moja kupitia pazia.

"Naendesha, Bibi."

"Unakwenda wapi?"

"Lindi."

"Basi rudi kabla uji haujapoa."

Gari ninalotaka kulisimulia lilikuja kiangazi. Nililisikia kabla sijajua ni la nani: ngurumo ya chini, nzito, halafu mluzi mwembamba juu yake, halafu pumzi kama ya nyoka aliyeudhika kila dereva alipoondoa mguu. Watoto walikimbia nje wakipiga kelele, "Kaa, Kaa," kwa sababu lilikuwa jekundu, pana, limelala chini karibu na ardhi. Lilikuwa la bwana mmoja tajiri wa Dar aliyekuwa akija kuvua samaki kwetu deltani kwa kujifurahisha. Barabara ya kwenda gatini Nyamisati ingelivunja tumbo, kwa hiyo alikuwa akiliacha kwa Fundi Athumani na kuendelea na gari jingine la juu. Na aliyekuwa akimwendeshea boti yake ni kaka yangu, Bakari, tumbo moja. Bakari alikuwa na leseni ya gari, aliipata kwa kujifunzia pikapu za kubeba barafu. Bosi yule akampenda. Siku moja akampa funguo, akaondoka na ndege kwenda safari yake, akamwambia alizoee gari polepole, kisha alifikishe Dar. Likifika salama, usukani ule ni wake, ataajiriwa kama dereva.

Bakari alikuja kukaa barazani kwa Bibi kumpa habari. Mimi hakuruhusiwa kuniona, lakini alijua niko hatua chache nyuma ya pazia, akawa anapaza sauti makusudi.

"Bosi akinipa kazi ile, Bibi, mchele nanunua Dar. Singoji mto wala mvua. Mwali anatoka mwezi huo huo, na ngoma napiga mimi mwenyewe."

"Wewe ngoma hujui kupiga."

"Nitapiga vibaya. Lakini mwali atakuwa nje."

Niliuma ncha ya mto wa kulalia. Tangu hapo lile gari halikuwa gari tena kwangu. Kila lilipowashwa, nilikuwa nikijisikia kama mtu aliyeitwa jina lake.

Wiki ile Bakari alilipeleka mpaka daraja la Ndundu na kurudi, kwa ajili ya lami iliyonyooka. Mara ya kwanza alirudi anaimba. Mara ya pili nikamsikia anafunga mlango wa gari taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Akamwambia Fundi Athumani, "Gari haina nguvu."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyotupoteza. Fundi Athumani alikuwa mtu makini, lakini mgonjwa akishakwambia anaumwa tumbo, unampapasa tumbo. Alichomoa plagi akazisafisha. Alitazama pampu ya mafuta. Akaivua mipira ya ile tabo inayosukuma hewa, akaitafuta tundu kwa povu la sabuni, akairudisha. Yeye mwenyewe alipolizungusha uani gari lilitii kabisa, akasema labda petroli ilichanganywa maji. Bakari akalitoa tena barabarani, akarudi amenuna. Hivyo hivyo siku nyingine. Kutoka barazani nilisikia watu wakitoa maoni, mmoja anasema gari hizi zina kompyuta, mwingine anasema zina jini, na muuza kahawa akasema kaa hawezi kukimbia kwenda mbele, mbona hilo liko wazi. Wakacheka wote isipokuwa kaka yangu. Na mimi ukutani nilikuwa nimeganda, kwa sababu nilikuwa nimesikia.

Nitaeleza nilichosikia. Lami inapita nyuma ya nyumba mbili tu kutoka kwa Bibi. Pikipiki ikipita kwa kasi, sauti ya mashine na sauti ya matairi hupanda pamoja, kama watu wawili wanaonyanyua kitanda. Lakini Bakari alipokuwa akikanyaga mafuta pale barabara iliponyooka, gia ya juu, mashine ilipanda ghafla, juu, juu zaidi, ikapiga ukelele, na matairi yakabaki na mlio ule ule. Mashine ilikwenda Dar, magurudumu yakabaki Kibiti. Na mlio huo niliujua tangu mtoto. Mbwera, pangaboi la boti likigonga mzizi wa mkoko, pini yake ndogo hukatika. Basi unasikia mashine inanguruma kwa nguvu zote, na boti inaelea tu, haina habari. Hapo hakuna mtu anayefungua mashine. Hata mtoto wa kwetu anajua mashine ni nzima, kilichokufa ni kile kinachoishikanisha na maji.

Niligonga ubao wa kitanda.

"Kiu?" Bibi akauliza.

"Hapana, Bibi. Mwambie Fundi mashine haina ubaya. Inapiga kelele kwa sababu hakuna anayeishika. Kilicho katikati ndicho kinachoteleza."

Ukili ulikoma kusukwa. "Mwali anatuma salamu gereji?"

"Sitasema mimi. Utasema wewe."

Sijui ni kwa nini alikubali. Labda alikuwa amechoka kukaa, labda aliona namna pazia lilivyokuwa likitikisika kwa pumzi zangu. Nilisikia kigoda kikisukumwa, ndara zake zikaburuta mpaka upande wa pili, halafu ikaja sauti ya Bibi yangu, mwanamke ambaye hajapata kukaa kiti cha mbele cha gari, ikitamka kwa heshima ile ile aliyoitumia misibani: "Fundi Athumani, shikamoo hunipi, lakini habari nimekuletea. Mashine yenu nzima. Hakuna anayeishika. Kilicho katikati kinateleza. Nami sijui maana yake, nimetumwa."

"Umetumwa na nani, Bibi?"

"Na aliyenituma."

Nikamsikia Fundi anaweka spana chini. Halafu Fundi akasema polepole, akijisemea mwenyewe, "Klachi." Kisha akacheka kidogo, akapiga paja. "Bakari, mdogo wangu, wewe uliniambia haina nguvu. Nguvu inayo. Haifiki."

Akafanya jaribio ambalo leo nalifanya mimi kila nikiletewa gari la namna hiyo, na kila mara nalifanya nikiwa nimefumba macho, kwa mazoea. Akavuta hendibreki mpaka mwisho, akaweka mawe mbele ya matairi, akaingiza gia ya nne, akapandisha resi kidogo, akaachia klachi. Gari zima, likiwa limefungwa hivyo, linatakiwa lipige kikohozi na kuzimika papo hapo. Mashine haikuzimika. Iliendelea kunguruma pale ilipo, tulivu, haijali, na baada ya muda kidogo, kupitia uwazi kati ya bati na ukuta, ikaja harufu ya maganda ya korosho yaliyoungua. Bibi akarudi kwenye kigoda chake. "Wamesema ahsante," akaniambia. "Tena wamesema aliyenituma ana sikio la popo. Nimewaambia ana adabu pia."

Ingeishia hapo ningekuwa nasimulia hadithi ya furaha. Klachi huisha, Fundi alisema, gari lenye nguvu namna ile hula pleti za klachi haraka, si kosa la mtu. Ataagiza mpya Dar iletwe na basi, atashusha giaboksi, na Bosi hatashangaa. Bakari akaanza tena kuimba. Mimi nikala wali wangu wote. Lakini palikuwa na kitu kingine nilichokuwa nimekisikia, na nilitamani nisingekisikia.

Bakari alipokuwa akiliendesha Kaa, chini ya ngurumo palikuwa na kilio chembamba, kama mbu ndani ya chupa. Hakikukatika muda wote nilipoweza kumsikia, akitoka uani na akirudi. Fundi alipoliendesha, kilio kile kilikuja tu alipobadili gia, kisha kikanyamaza. Siku kadhaa nilikuwa nimelala nikikitafakari. Dereva mwingine, gari lile lile. Ndipo nikamwona Bakari kichwani mwangu, siyo garini, kwenye boti. Wanaume wa kwetu wanafundishwa jambo moja kabla ya yote: mkono wa mashine, ule wa kuongozea boti, hauachiwi. Mkondo wa deltani ukikuta umeachia, unakutupa kwenye mikoko kabla hujasema bismillahi. Bakari alikuwa anakula, anavuta sigara, anasalimia watu wa mtumbwi mwingine, na mkono wake mmoja uko pale pale, umepumzika juu ya ule mkono wa mashine, mwepesi, tayari. Sasa mtu huyo umempa pedeli. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekaa juu ya klachi saa zote, haukanyagi wala hauondoki, unaipapasa tu. Beringi inayosukumwa na pedeli hiyo ilikuwa inalia kwa sababu hakuipa nafasi ya kupumzika. Pleti iliungua kwa sababu haikuwa imeshikwa vizuri wala haikuwa imeachiwa.

Nilikaa na jambo hilo tangu adhuhuri mpaka alasiri, na sijawahi kuiona alasiri ndefu kama ile. Nikinyamaza, pleti mpya itafungwa, Bakari atalifikisha Dar, ataajiriwa, mchele utanunuliwa, nitatoka. Na pleti ile itaungua tena, barabarani huko, pengine mbele ya lori, na mguu juu yake ni wa kaka yangu. Nikisema, Fundi lazima atamwambia Bosi kilichotokea, kwa sababu Fundi Athumani hakuwa mtu wa kuficha, na nani anamwajiri dereva aliyeunguza klachi? Nilitazama mbavu za bati juu yangu, nikazifuata kwa macho kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Chumba kilikuwa kidogo siku zote, lakini siku ile nilihisi kuta zimesogea. Nikagonga ubao.

"Bibi, kuna jingine. Waulize mguu wake wa kushoto huwa uko wapi."

Bibi alinyanyuka, akaenda. Nilimsikia akisema, "Nimeambiwa niulize mguu wa kushoto wa Bakari huwa uko wapi." Na nilimsikia kaka yangu, ambaye ananijua, akijibu kwa sauti ambayo haikuwa ya kuwajibu wao: "Ndiyo, Mwaju. Uko pale."

Fundi Athumani hakumkaripia. Akamwelekea Bibi, labda kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumwambia yeye, akamweleza kama mtu anavyomweleza mzazi wa mgonjwa. "Klachi, Bibi, ni vyuma viwili na kitambaa kigumu katikati. Ukiikanyaga, ikanyage mpaka chini, viachane. Ukiiachia, iachie yote, vikamatane. Vyovyote katika hivyo haiumii. Ukiiweka nusunusu, haikushika haikuachia, hapo ndipo inapoungua. Tena inaungua taratibu, mwenyewe huoni. Unaona tu gari limechoka."

"Nusunusu," Bibi akasema.

"Nusunusu ndiyo mbaya."

Hakurudi upesi kwenye kigoda. Alikwenda jikoni, akakaa huko bila kugusa chombo.

Kesho yake Bakari alimpigia Bosi. Simu yake ilikuwa ya zile ambazo mtaa mzima unasikia pande zote mbili. Alimweleza kila kitu, mpaka mguu. Akasema hata amekaa akijizoeza kuuweka pembeni, na kwamba mguu haumsikii bado. Bosi alikuwa mstaarabu, na nadhani hilo liliumiza zaidi. "Nashukuru umeniambia mwenyewe," akasema. "Fundi afunge pleti, nitatuma mtu alichukue gari. Wewe na mimi tutaonana kwenye boti." Bakari akasema ndiyo, bosi, haina neno. Halafu nikasikia hatua zake zikija upande wa nyumba, zikasimama nje ya ukuta wangu, kwenye alama ya sikio langu hasa, ingawa hakuweza kujua iko wapi. "Mwaju," akasema, "ulifanya vizuri. Lakini mchele ndio huo tena, umekwenda." Sikumjibu, mwali hajibu. Nililia kwenye mto, kama nilivyozoea kuchekea humo humo.

Gari lilishushwa giaboksi siku zilizofuata. Nilisikia kila bolti ikilegea. Alasiri moja Fundi akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, "Pleti hii hapa. Imebaki vyuma vitupu. Natamani mwenye sikio la popo angeiona." Nikasikia ukili ukikoma kusukwa. Nikamsikia Bibi anavuta pumzi, anaita jina la Mungu, ananyanyuka. Halafu pazia likafunuliwa na mwanga ukaingia wote kwa pamoja, nikainua mkono kujikinga macho. Alikuwa amesimama, kigoda amekikamata mguu wake mmoja, kimening'inia mkononi kama kuku.

"Nimechoka kuwa mdomo wako," akasema. "Kaseme mwenyewe."

"Ngoma je, Bibi?"

"Nimekuuliza habari za ngoma?"

"Watu watasema."

"Watu wana midomo, waitumie." Akanitazama kwa muda, akanirekebishia kanga begani, akalikaza fundo kuliko ilivyotakiwa. "Mwaka mzima sijakutoa, wala sijakuacha, nusunusu tu. Umenyauka humu na mimi nakupikia tu. Nenda, mke mwenzangu. Vaa ndara, ardhi ya gereji ina misumari."

Akakitoa kigoda mpaka barazani, akakaa juu yake akitazama barabara, mgongo kwa mlango ulio wazi. Nikapita pembeni yake. Nilitembea vibaya, magoti yalikuwa yamesahau. Fundi Athumani alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na Kaa lilikuwa dogo kuliko nilivyoliwaza. Bakari alisimama kunipokea, akanipa ile pleti. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, imelika, na ilikuwa bado inanuka. Niliishika kwa mikono miwili mbele ya wanaume wote wa gereji, kisha nikamuuliza Fundi swali langu la kwanza kwa sauti yangu mwenyewe. Ilitoka imekwaruza. Nilimuuliza kama naweza kukaa kwenye kiti nione pedeli ilivyo.

Yaliyofuata mengi watu wa Kibiti wanayajua. Nilijifunza kwa Fundi Athumani mpaka alipofariki, na leo nabeba barafu kwenda Nyamisati na kamba kurudi Dar, na nikikuta gari limesimama njiani nashuka nikalisikilize. Bakari bado yuko kwenye boti. Ndiye aliyeleta kamba wa arobaini, akawa uani anawatania wakuna nazi, na hata akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mkono wake mmoja ulikuwa umelala juu ya mgongo wa kiti cha pembeni, mwepesi, tayari.

Lakini jambo moja sikulijua mpaka siku ile. Baada ya hitima, tukiosha masinia, Bi Zena aliniambia kama anayesema habari za hewa. "Unajua baada yako hakuletewa tena mwali."

"Hata mmoja?"

"Nani angemletea? Walisema Sikudhani mwali wake alitokea gereji. Mimi mwenyewe binti yangu nilimpeleka kwa kungwi wa Ikwiriri." Akasuuza sinia, akaligeuza. "Nilimuuliza, hujuti? Akaniambia, 'Zena, wewe hujui habari za klachi.' Nikajua uzee umeanza."

Akacheka, na safari hii kicheko changu kilikuwa mbali, ikabidi nikingoje. Miaka yote ile nilikuwa nikija na samaki, nakaa miguuni pake, namsimulia barabara, naye ananiuliza gari limeamkaje kama anavyouliza habari za mtoto. Nilidhani wanawali wake wameisha kwa sababu mambo yamebadilika, wasichana siku hizi wanasoma. Hakuniambia hata siku moja.

Walipogawana vitu vyake waliniuliza nachukua nini. Nikasema kigoda. Bakari akanisaidia kukifunga nyuma ya pikapu kwa kamba, fundo la mabaharia, lisilofunguka. Watu walisimama barazani kuniaga. Nikawasha, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikaingiza gia, nikaiachia yote, na mguu wa kushoto nikauweka pembeni.